Nyama ya Mbega, Reli za Lincoln

Februari 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walipanda milima ya Usambara kutoka upande wa Pangani, wakafika Vuga kumwamkia Kimweri ye Nyumbai, mtawala mzee wa ukoo wa Wakilindi. Septemba ya mwaka huohuo, mjini Chicago, wakili mmoja mrefu na mwembamba wa miaka 48 alikuwa akiitetea mahakamani kampuni iliyojenga daraja la reli juu ya mto Mississippi. Meli ya moshi iitwayo Effie Afton ilikuwa imeligonga daraja hilo ikawaka moto, na mwenye meli alitaka fidia. Wakili huyo alikuwa Abraham Lincoln. Urais ulikuwa bado mbali. Jimboni kwake Illinois alijulikana kwa kesi zake, na kwa miaka minane aliyowahi kukaa katika Bunge la jimbo.

Kati ya Vuga na Chicago hapakuwa na barua wala mjumbe, ila palikuwa na kitambaa. Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, na tangu hapo merikani, nguo nyeupe nzito iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikawa ndiyo fedha ya njia za misafara, kutoka pwani hadi bara. Pamba yake ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani. Vita vilipozuka huko mwaka 1861, chini ya rais huyo huyo Lincoln, pamba ilikatika, merikani ikaadimika Unguja, na nguo za Bombay na za Uingereza zikashika nafasi yake. Kwa hiyo hadithi mbili ninazotaka kuzilinganisha hazikuishi katika dunia mbili zisizojuana kabisa.

Ya kwanza ni ya Mbega, mwindaji aliyekuwa mtawala wa kwanza wa Wakilindi, kama ilivyoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kuchapwa sehemu kwa sehemu mwaka 1895. Ya pili ni ya Lincoln kabla ya ukubwa, kama ilivyokusanywa na William Herndon, mwenzake wa ofisi ya uwakili, na kuchapwa mwaka 1889. Vitabu hivyo vimepishana kwa miaka sita tu. Vyote viwili vinasimulia mgeni asiye na mali aliyefika kwenye nchi isiyo na mkubwa wa kutegemewa, akaamua ugomvi wa watu, akagawa alichokuwa nacho, akapewa madaraka. Wengi wetu tumevisikia kwa mkato, na mkato ndio ulioviharibu. Tukimsikia Mbega, tunaishia kwenye simba aliyeuawa naye. Wamarekani nao wanaishia kwa Abe mwaminifu aliyepasua magogo ya uzio. Swali ambalo vitabu vyenyewe vinaliuliza, na mkato haulifikii, ni hili: nyama ilipokwisha kuliwa, nani alilipa?

Tuanze na kuzaliwa, maana wasimulizi wote wawili walianzia kwenye doa. Mbega alizaliwa Nguu, akaota meno ya juu kwanza. Mtoto wa namna hiyo ni kigego, na kigego huhesabiwa kuwa ni nuksi kwa ukoo. Wazazi wake walimficha akakua, lakini walipofariki, ndugu walimnyima urithi kwa hoja hiyohiyo. Akaondoka, akafika Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa huko, wakawa wanawinda pamoja. Siku moja nguruwe akamuua yule kijana. Mbega hakungoja kuulizwa. Alichukua mbwa wake, mikuki yake na nyavu zake, akaingia porini.

Herndon naye alianzia pasipopendeza. Aliandika kwamba siku moja, wakiwa njiani kwenda mahakamani kwa gari la farasi, Lincoln alimwambia kuwa mama yake, Nancy Hanks, alikuwa mtoto wa nje ya ndoa. Kitabu kilipotoka, wahakiki wa Marekani walikasirika, na kilipochapwa tena mwaka 1892 baadhi ya mambo yaliondolewa. Hapa mila mbili zinaachana njia. Kwa Abdallah na wazee waliomsimulia, ukigego wa Mbega haukuwa siri ya kufunikwa, bali ndio ufunguo wa hadithi nzima: mtu aliyekataliwa na ukoo wake ndiye anayeweza kuwa wa koo zote, kwa sababu hana ndugu wa kumpendelea. Kwa wasomaji wa Herndon, rais aliyeuawa alikwisha kuwa karibu na mtakatifu, na mtakatifu hana bibi mwenye kasoro. Mila ya milimani ilikuwa na ujasiri zaidi katika jambo hili. Ilijua kwamba nguvu za mtu na aibu yake zinaweza kutoka chungu kimoja.

Mbega alipoingia Usambara alikuta watu wa milimani wanalima migomba na viazi, na nguruwe wanawamaliza. Akawaua nguruwe. Nyama aliigawa, nao wakampa vyakula vya shamba, kisha wakampa wake. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekaa Usambara miaka ya 1960 akikusanya masimulizi haya, ameonyesha jinsi mabadilishano hayo, nyama kwa chakula cha shamba, yanavyofanana na mambo ya posa: mwenye nyama anajifanya mkwe wa nchi nzima. Habari zake zikasambaa kutoka kijiji hadi kijiji, Bumbuli wakamtaka, Vuga wakamtuma mtu kumwita. Njiani, usiku, simba akawajia, Mbega akamuua. Asubuhi watu waliouona mzoga ule walikuwa wamekwisha kuamua la kufanya. Watawala wa Vuga wakaitwa Simba tangu hapo.

Kilichonivutia zaidi kwa Mbega si simba. Watu walimletea magomvi yao. Alikuwa mgeni, hakuwa wa ukoo huu wala ule, na alijua kusikiliza. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hii tunaisema kwa ajili ya chakula kinachopikwa kwa heshima ya mgeni, lakini Vuga ilitimia kwa maana ya hukumu.

Lincoln alifika New Salem, kijiji kidogo juu ya mto Sangamon, mwaka 1831. Alikuwa na miaka 22, hana mali, hana ndugu pale, na elimu ya darasani hakuipata hata mwaka mzima. Simba wake alikuwa Jack Armstrong, kiongozi wa kundi la vijana wakorofi wa Clary's Grove, waliotaka kumjaribu mgeni kwa mieleka. Hapa ndipo kazi ya Herndon inapopendeza. Aliwauliza waliokuwapo, kila mmoja akampa mwereka wake: huyu anasema Lincoln alishinda, yule anasema walikuwa sawasawa, mwingine anasema Armstrong alicheza rafu. Herndon alizihifadhi karatasi hizo. Wote walikubaliana jambo moja tu, kwamba baada ya siku ile vijana wa Clary's Grove wakawa watu wa Lincoln. Mwaka uliofuata walimchagua kuwa kapteni wao katika vita vya Black Hawk.

Mwaka huohuo wa 1832 aligombea Bunge la jimbo akashindwa, akiwa wa nane kati ya wagombea 13. Lakini katika kituo cha New Salem alipata kura 277 kati ya 300. Waliomjua walimpa, wasiomjua walimnyima. Duka alilofungua na mwenzake, William Berry, lilianguka. Berry akafa, na deni la kadiri ya dola 1,100 likamwangukia yeye. Kwa utani akaliita deni la taifa, na akalilipa kidogo kidogo kwa miaka mingi hadi likaisha. Msomaji aukumbuke uaminifu huo, kwa sababu punde ataona sura nyingine ya mtu huyohuyo.

Mwaka 1834 alishinda. Ili aonekane mtu mbele ya wabunge wenzake alikopa dola 200, akanunua suti, akapanda gari la abiria kwenda Vandalia, mji mkuu wa wakati ule. Mbunge mwenzake, John Todd Stuart, alimwazima vitabu vya sheria. Hakukuwa na chuo: ulisoma mwenyewe, ukahojiwa na mawakili, ukapewa leseni. Yeye aliipata mwaka 1836, na Aprili 1837 akahamia Springfield kuanza uwakili na Stuart.

Katika Bunge, reli ndizo zilizokuwa nyama yake. Februari 1837 Bunge la Illinois lilipitisha sheria ya kukopa takriban dola milioni 10 ili kujenga reli kila upande wa jimbo, kusafisha mito na kutengeneza barabara. Hili lilikuwa jimbo ambalo hata miaka mitatu baadaye lilikuwa na watu wapatao 476,000 tu, wengi wao wakulima waliolala ndani ya vibanda vya magogo. Kila mbunge alitaka mfupa wake. Wilaya ambazo ramani ya reli haikuzigusa zilitengewa dola 200,000 zigawane, zisije zikapiga kura ya hapana. Lincoln alikuwa mmoja wa waliousukuma mpango huo kwa nguvu zote. Alimwambia rafiki yake Joshua Speed kwamba anatamani kuwa DeWitt Clinton wa Illinois, akimkusudia gavana wa New York aliyechimba mfereji wa Erie.

Katika kikao hichohicho, yeye na wenzake wanane kutoka wilaya ya Sangamon walifanikiwa kuuhamisha mji mkuu kutoka Vandalia kwenda Springfield. Waliitwa Tisa Warefu, kwa kuwa wote walikuwa majitu. Wapinzani walisema Springfield ilinunuliwa kwa reli: tupeni mji mkuu, tutawapa njia za garimoshi. Shutuma hiyo imerudiwa kwa vizazi. Paul Simon, ambaye naye alikaa katika Bunge la Illinois kabla ya kuwa seneta, aliandika kitabu mwaka 1965 akiichunguza kura kwa kura, akaikataa. Huenda ana haki. Lakini hata bila biashara ya siri, mantiki ya kugawa ni ileile. Huko milimani kila kijiji kilipata paja lake, huku kila wilaya ikapata reli yake, na mgawaji akapata mahali pa kukaa.

Kisha mwaka huohuo wa 1837 mabenki yakaanguka Marekani nzima. Hatifungani za Illinois zikakosa wanunuzi New York na London. Kati ya reli zote zilizochorwa, moja tu ilipata vyuma vya maana, kutoka Meredosia kwenye mto Illinois hadi Springfield, na baadaye ikauzwa kwa sehemu ndogo mno ya gharama yake. Kufikia mwaka 1842 jimbo lilikuwa limeshindwa kulipa riba. Mtu aliyelipa deni la duka lake hadi senti ya mwisho alikuwa amesaidia kuliingiza jimbo katika deni ambalo watoto wa wapiga kura wake waliendelea kulilipa kwa takriban miaka arobaini.

Kuna kituko kimoja cha Desemba 1840 ambacho wapenda Lincoln wangependa kisiwepo. Chama chake cha Whig kilitaka kuilinda Benki ya Jimbo, na njia pekee ilikuwa kuzuia akidi isitimie, ili Bunge lisiweze kufunga kikao. Jengo jipya la Bunge lilikuwa halijakamilika, kwa hiyo walikuwa wakikutana kanisani. Wapinzani wakafunga mlango. Lincoln na wenzake wawili hivi wakafungua dirisha wakaruka nje. Haikusaidia kitu, maana walikuwa wamekwisha kuhesabiwa. Magazeti ya upande wa pili yalicheka kwamba kwa miguu ile mirefu hakuruka, bali alikanyaga chini tu. Mbega angekuwa na kituko cha namna hii, wazee wa Vuga wangekifuta katika masimulizi kabla ya mjukuu wa kwanza kuzaliwa. Nadhani wangekosea.

Sasa mahakamani, ambako mlinganisho unakuwa mgumu zaidi, na ambako ndiko ninakotaka kukaa.

Kwa zaidi ya miaka ishirini Lincoln alikuwa wakili, na watafiti waliopekua makabati ya mahakama za Illinois wamepata zaidi ya kesi 5,000 alizohusika nazo yeye na washirika wake. Nyingi ni madeni: mtu kakopa, kaandika hati, hakulipa. Mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na ya kupukutika, alipanda farasi au kigari pamoja na Jaji David Davis na mawakili wengine, wakazunguka wilaya za Mzunguko wa Nane. Walilala wawili wawili kitanda kimoja katika nyumba za wageni, na mchana wakashambuliana mbele ya jaji waliyekula naye chakula cha usiku. Karatasi zake alizitia ndani ya kofia. Ofisini, asema Herndon, palikuwa na kifurushi kimoja kilichoandikwa kwa juu kwamba usipoiona karatasi mahali pengine, itafute humu.

Kesi inayosimuliwa kuliko zote ni ya mwaka 1858 huko Beardstown. Duff Armstrong, mtoto wa yule Jack wa mieleka, alishtakiwa kwa mauaji. Jack alikwisha kufa; mjane wake, Hannah, aliyewahi kumlisha Lincoln na kumshonea nguo siku za New Salem, akamwomba msaada. Shahidi mkuu, Charles Allen, alisema ameyaona mapigo kwa macho yake, kiasi cha saa tano za usiku, kutoka umbali mkubwa, kwa sababu mwezi ulikuwa juu unang'aa. Lincoln akamrudisha kwenye mwezi mara kwa mara, akamwacha aukaze. Kisha akaomba almanaka. Usiku ule wa Agosti 29, 1857, saa ile, mwezi ulikuwa chini, unakaribia kutua. Duff akaachiwa. Lincoln hakudai ujira.

Ni hadithi tamu, nayo ni ya aina ya Mbega kabisa: mgeni aliyelishwa analipa wema, na ushindi unatokana na werevu. Wazee wa Usambara wangeitambua mara moja. Lakini ofisi ileile ilikuwa na majalada mengine.

Mwaka 1841, mbele ya Mahakama Kuu ya jimbo, Lincoln alishinda kesi ya Bailey na Cromwell. Bailey alikuwa amenunua kijakazi, mwanamke mweusi aitwaye Nance, kwa hati ya ahadi ya kulipa, kisha akakataa kulipa. Lincoln alidai kwamba sheria ya Illinois inamhesabu kila mtu kuwa huru mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mtu huru hauziki, kwa hiyo hati haina thamani. Mahakama ikakubali, na Nance akahesabiwa huru. Lakini mteja wa Lincoln hakuwa Nance. Alikuwa mnunuzi. Uhuru wa mwanamke yule uliingia mahakamani kama hoja ya kumwokoa mwanamume asilipe deni.

Miaka sita baadaye, Oktoba 1847, huko Charleston katika wilaya ya Coles, ilikuja kesi ya Robert Matson. Huyu alikuwa Mkentucky mwenye shamba Illinois, aliyewaleta watumwa wake kulima na kuwarudisha Kentucky baada ya mavuno, wasije wakapata uhuru kwa kukaa. Familia moja ilikaa zaidi. Anthony Bryant, aliyekuwa huru, alikuwa msimamizi wa shamba. Mkewe Jane na watoto walikuwa mali ya Matson. Mwanamke mwangalizi wa nyumba ya Matson alipomtishia Jane kwamba watoto wake watauzwa kusini, Anthony alitoroka na familia yake usiku, wakakimbilia kwa Gideon Ashmore na daktari Hiram Rutherford. Matson akafungua kesi kuwadai. Jane na watoto wanne wakawekwa jela kwa majuma kadhaa. Lincoln akasimama upande wa Matson.

Hoja yake ilikuwa kwamba Jane na watoto walikuwa wapita njia tu, wafanyakazi wa msimu, si wakaaji. Akashindwa, na familia ya Bryant ikaachiwa huru. Baadaye ilisafiri kwenda Liberia. Huyu ndiye yuleyule aliyetia saini Machi 1837, pamoja na mbunge mmoja tu, Dan Stone, tamko lililosema utumwa umejengwa juu ya dhuluma na siasa mbaya, ingawa tamko hilo lilishutumu pia wahubiri wa kuufuta. Wanaomtetea husema wakili hachagui mteja. Mimi sina haja ya kumtetea wala kumhukumu upya. Ninachosema ni kwamba maisha ya wakili wa mpakani hayasimuliki kwa uaminifu bila majalada mawili haya kuwekwa mezani pamoja, na kwamba mila ya Marekani, pamoja na kelele zake za utakatifu, iliyaweka. Jesse Weik, mshirika wa Herndon katika kuandika kitabu, ndiye aliyeichimbua kesi ya Matson na kuichapisha mwaka 1897.

Herndon hakuwa mtu asiye na upande. Alimchukia Mary Todd, mke wa Lincoln, na mhadhara wake wa mwaka 1866 kuhusu mapenzi ya ujanani ya Lincoln na Ann Rutledge uliandaliwa kama vile kumchoma mjane huyo moyoni. Alipenda pombe. Alikufa maskini mwaka 1891. Lakini alikuwa wakili, na tabia ya uwakili ilimsaidia pale ambapo moyo wake ulimpotosha: aliandika barua kwa mamia ya watu waliomjua marehemu, akawasafiria wengine, akawauliza, akayahifadhi majibu hata yalipopingana na hoja yake mwenyewe. Tunaweza leo kumpinga Herndon kwa kutumia sanduku la Herndon.

Abdallah bin Hemedi hakutuachia sanduku. Tunajua aliwasikiliza wazee na kwamba aliingia mabarazani mwa Wakilindi, lakini hatuambiwi nani kasema nini, na masimulizi yanatiririka kwa sauti moja kana kwamba Mbega alikuwa na mwandishi pembeni aliyenakili mazungumzo yake na mbwa zake. Kama kitabu chake kingeishia kwa Mbega, ningesema mila ya Springfield imeshinda bila mashindano.

Lakini hakiishii hapo. Abdallah anaendelea kizazi baada ya kizazi, mpaka Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki kiasi cha mwaka 1862, na mpaka ugomvi wa warithi wake. Mmoja wao, Semboja, alijikita Mazinde, bondeni, kwenye njia ya misafara, ambako zilipita pembe, nguo na bunduki. Wakubwa waliohitaji baruti waliipata kwa kuwauza watu wao. Washambaa wana maneno mawili ya kumpima mtawala: yuko anayeiponya nchi na yuko anayeiharibu. Wenye nguvu wakivutana, mvua hukimbia na njaa huingia. Wakilindi, watoto wa mgawa nyama, walikuwa wamekuwa wala watu.

Ndipo likaja Kiva, mwishoni mwa miaka ya 1860. Wabondei waliwainukia Wakilindi waliowatawala, wakawaua wengine, wengine wakawafukuza. Abdallah aliishi nyakati hizo, naye anaziandika kwa kirefu, bila kuficha kwa nini watu wale walikasirika. Mtu aliyekula kwenye baraza za Wakilindi, anayeandika habari za Wakilindi, anatupa sababu za waliowachinja Wakilindi. Hilo si jambo dogo. Herndon alimfuata mtu mmoja kutoka tumboni hadi kaburini, akaishia hapo. Wakulima wa Illinois waliolipa kodi kwa ajili ya reli ambazo hazikujengwa hawana sura katika kitabu chake, wala Jane Bryant hakuhojiwa. Abdallah alimfuata mgeni mpaka kwa vitukuu, akaonyesha paja la nguruwe lilivyogeuka kuwa ushuru, na ushuru ulivyogeuka kuwa mnyororo shingoni mwa Mbondei.

Na mnyororo huo, msomaji ataona, ulifungwa kwa fundo lilelile lililomfunga Jane Bryant. Pamba iliyolimwa na watu wa hali yake ilifumwa ikawa merikani, merikani ikapanda hadi Mazinde, na Mazinde watu wakatolewa kwa nguo na baruti. Sijui kitabu chochote cha karne ile, cha huku wala cha kule, kilichoziona ncha zote mbili za uzi huo kwa pamoja.

Kwa hukumu yangu, basi, Herndon anamshinda Abdallah kwa ushahidi, na Abdallah anamshinda Herndon kwa kujua hadithi ya mtu mkubwa inaishia wapi. Anayeandika leo maisha ya wakili au mbunge wa kwetu anahitaji vyote viwili: sanduku la barua na mahojiano yanayopingana, na subira ya kuwafuata waliolipa hata baada ya shujaa kuzikwa. Wasifu nyingi za viongozi wetu zinazouzwa madukani hazina hata kimoja. Zinaanzia na umaskini wa utotoni, zinapitia uchaguzi wa kwanza, zinaishia na picha ya kuapishwa.

Nawe ukibahatika kupata Habari za Wakilindi, usiishie kwenye simba. Soma mpaka Kiva.